Siku ya somo (mtakatifu msimamizi) wa jumuiya 2027 inaangukia Ijumaa ya Kwaresima. Nyama iwepo?

Katibu_Yosefu
Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katibu wa Jumuiya ya Mt. Yosefu, tupo Mbezi, Dar. Kila mwaka tunaanza novena, sala ya siku tisa, tarehe 10 Machi, nyumba kwa nyumba, kila jioni familia moja inapokea wenzake. Tarehe 19 ni Misa ya somo wetu, halafu chakula.

Sasa nimeangalia kalenda ya mwakani: 19 Machi 2027 ni Ijumaa, na Jumapili inayofuata ni ya Matawi. Kikao cha juzi kilichacha. Mwenyekiti anataka mbuzi wawili kama kawaida. Bibi yetu mmoja, yule anayeongoza litania (sala ya maombi ya kupokezana) bila kitabu, kasema Ijumaa ya Kwaresima kwake haijawahi kupikwa hata supu ya utumbo, na hataanza uzeeni. Kijana akauliza kama kitimoto nacho kinahesabika, akaambiwa akapumzike nje. Mchango wa shilingi 10,000 kwa familia umeshapita lakini hakuna anayetoa mpaka ijulikane kinacholiwa.

Mwenye kujua anisaidie, nisiende kwa paroko na hoja za kijiweni.

Katekista_Mstaafu
Milele amina, katibu. Kwenye kalenda ya Kanisa kuna sherehe, kuna sikukuu, kuna kumbukumbu. Mt. Yosefu wa tarehe 19 Machi ni sherehe, daraja la juu kabisa. Na kanuni ya 1251 ya Sheria za Kanisa inasema tunajinyima nyama kila Ijumaa, isipokuwa Ijumaa hiyo ikiangukiwa na sherehe. Basi mwenyekiti hana kosa.

Mtaona hata kwenye Misa: padri atavaa nyeupe badala ya zambarau, Utukufu utaimbwa, Nasadiki itasaliwa. Aleluya tu ndiyo hairudi, na hapo wanakwaya huteleza sana, waambieni mapema. Ingekuwa Jumapili ya Kwaresima ingehamia Jumatatu, kama ilivyokuwa 2023.

Lakini ruhusa si amri. Bibi akila dagaa siku hiyo hajavunja kitu, na asisemwe.

Sasa mimi nina langu. Umeandika mbuzi, mchango na kitimoto, novena umeipa sentensi moja. Hiyo litania mnayosali ni ya kitabu cha zamani? Iliidhinishwa 1909, wakati wa Papa Pius X. Tarehe 1 Mei 2021 yakaongezwa maombi mapya saba, wakati wa Papa Fransisko. Humo Yosefu anaitwa Mlinzi wa Mkombozi, na msimamizi wa wakimbizi, wa wanaoteseka, wa maskini. Jumuiya nyingi nilizopita bado hazina hayo saba. Mwombeni paroko tafsiri inayotumika jimboni kwenu, msijitungie.

MamaKanda
Mbona 2021 nayo ilikuwa Ijumaa na hatukugombana? Sababu tunaijua. Kifo cha Rais Magufuli kilitangazwa tarehe 17, na Mama Samia akaapishwa tarehe 19 hiyohiyo. Nani angechinja? Kwetu tulisali rozari, tukanywa chai na mihogo, tukatawanyika. Mpaka leo wapo wanaosema ile ndiyo siku ya somo waliyosali kweli.

Ushauri wangu: tarehe 19 salini, mbuzi wasubiri Mei Mosi, siku ya Mt. Yosefu Mfanyakazi. Mwakani ni Jumamosi, tena Pasaka imeshapita, na ni sikukuu ya taifa, kila mtu yuko nyumbani.

Fundi_Randa
Mama, kwa heshima nakataa. Mimi ni seremala, Mei Mosi naipenda kuliko wewe. Ila siku hiyo aliiweka Papa Pius XII mwaka 1955, na leo kwenye kalenda ni kumbukumbu ya hiari. Huwezi kumtoa somo kwenye sherehe yake ukampeleka kwenye hiari kwa sababu ya mbuzi! Tarehe 19 wapike wali, maharage na samaki, kila mtu akae meza moja. Anayetaka nyama atakula kwake, sheria haimkatazi.

MamaKanda
Fundi, samaki wa familia arobaini unaijua bei yake Dar?

Katibu_Yosefu
Nashukuruni wote. Katekista, umenipata kwenye novena, kwa kweli litania yetu ni ile ya zamani. Nitapeleka kikaoni mambo mawili: maombi saba yaingie kuanzia siku ya kwanza ya novena, na tarehe 19 chakula kisicho na nyama, mbuzi mmoja abaki Mei Mosi. Mwenyekiti atanuna kidogo. Swali la mwisho: parokiani kwetu Ijumaa kuna Njia ya Msalaba saa kumi jioni. Siku ya sherehe inafutwa?

Katekista_Mstaafu
Hapana, ni ibada ya waumini, inaweza kubaki saa yake. Misa ya somo ombeni iwe ya alfajiri, saa kumi na mbili, wanaokwenda kazini waipate. Chakula kiwe baada ya Njia ya Msalaba. Na mkachukue nia ya Misa, yaani kuomba Misa isaliwe kwa ajili yenu, ofisini mapema. Jumuiya na vigango vyenye somo Yosefu ni vingi, mkichelewa mtakuta siku imejaa.