Nimehamishia diski kwenye mashine nyingine, sasa Windows inadai leseni

mama_steshenari: Habari za jioni wadau. Nina steshenari huku Morogoro, kompyuta yangu ya mezani imekufa mazabodi (ile bodi kuu ya ndani) na fundi kasema hailipi kutengeneza, nikachukua nyingine ya mtumba, diski ya zamani nikaihamishia huko maana ndo ina kila kitu, fomu za wateja, hesabu za duka, printa nilishaziseti zote. Imewaka vizuri tu, ila pale chini kulia pametokea maandishi ya kijivu Activate Windows hayatoki, na nikiingia Settings naona 0xC004F211. Ni Windows 11 Pro, ilikuja na ile mashine nilipoinunua mpya na risiti ninayo. Si nilishalipia jamani? Diski si ileile? Kuna kijana hapa jirani anasema ananikrakia, yaani anailazimisha ikubali bila leseni, kwa elfu kumi, nimkubalie?

fundi_kona: Pole dada. Diski ni ileile ndiyo, ila leseni haifuati diski. Windows ikishaaktivetiwa inachukua alama ya vifaa vya mashine, hasa mazabodi, na seva za Microsoft zinaitambua mashine kwa alama hiyo. Hiyo kodi uliyopata inamaanisha imeona vifaa vimebadilika, basi, diski yako haina ubovu wowote. Sasa kwanza tujue leseni yako ni ya aina gani. Fungua cmd (kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, Command Prompt), andika slmgr /dli halafu Enter, subiri kidogo kitatokea kidirisha, soma mstari wa Description. Ikiwa RETAIL, yaani iliyonunuliwa peke yake, unaruhusiwa kuihamisha, mradi isitumike mashine mbili kwa pamoja. Ikiwa OEM, yaani iliyowekwa na mtengenezaji wa mashine, hiyo ilifungwa na ile mashine iliyokufa na haihami.

mama_steshenari: Nimeona OEM_DM channel. Kwa hiyo hela yangu ndo imeenda hivyo?

juma_wa_data: Jaribu kuingia na akaunti yako ya Microsoft, pale kwenye Activation bonyeza Troubleshoot uchague kwamba umebadilisha vifaa, mimi ilinikubali.

fundi_kona: Mkuu yako bila shaka ilikuwa Retail, hiyo njia ipo tangu 2016 na ni nzuri, ila ya dada ni OEM na hapa amebadilisha mashine nzima. Dada usikate tamaa, hiyo ya mtumba nayo inaweza kuwa na leseni yake. Tangu enzi za Windows 8 mwaka 2012 watengenezaji wengi wanaandika namba za leseni kwenye chipu ya BIOS (ile programu inayoiwasha mashine) humohumo kwenye mazabodi, kwa hiyo hata diski ikitolewa zenyewe zinabaki. Fungua PowerShell (nayo ni ya kuandikia amri kama cmd) uandike hivi:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Zikitoka herufi na namba 25 zinakili, rudi Activation, bonyeza Change product key uziweke. Angalizo, kama ni za Home na diski yako ina Pro zitagoma, hapo itabidi uhifadhi mafaili pembeni upige Windows upya ya Home, au ununue ya Pro.

Na huyo kijana mwambie asante. Vitu vya kukraki vingi ukitaka kuviweka vinakwambia uzime kwanza antivairasi, na wewe hapo watu wanakuletea kopi za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya watoto, TIN. Mteja kakuamini na karatasi zake, usimfungulie mlango mtu usiyemjua kwa elfu kumi.

mama_steshenari: Zimetoka! Nimeziweka, imezunguka kidogo ikaandika Active, maandishi ya kijivu yameondoka. Asante sana kaka, Mungu akubariki, huyo kijana nimeshamwambia aache.

binti_server: Hongera dada. Niongeze kwa wengine mnaotaka kuhamisha diski, kabla hamjaichomoa angalieni BitLocker (kufuli ya Windows inayofunga mafaili ya diski kwa namba za siri) kama mashine bado inawaka. Windows 11 nyingi, hata za Home, zinafunga diski zenyewe bila mtu kujua, ukiipeleka mashine nyingine inakudai namba 48, na bila hizo mafaili ndo basi tena. Mara nyingi utazikuta kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuwasha mashine mara ya kwanza, ingieni account.microsoft.com/devices/recoverykey mziandike kwenye karatasi kwanza, ndo mshike bisibisi.

juma_wa_data: Na kama hiyo akaunti alifungua muuzaji?

binti_server: Basi iondoe hiyo kufuli ya diski hapohapo kwenye mashine ya zamani, ingia Settings, Privacy & security, Device encryption, uizime, usubiri imalize kabisa. Inaweza kuchukua masaa, chaja iwe imechomekwa.