Sanaa ya kisasa ilishawahi kukugusa kweli?

mgeni_wa_rangi: Wakuu hivi kuna mtu alishawahi kusimama mbele ya sanaa ya kisasa akaguswa kweli? Mimi naona tunapigwa changa la macho tu, turubai jeupe mstari mmoja halafu watu wanatikisa vichwa.

Kipepeo: Nilikuwa kama wewe mkuu mpaka nilipoikuta kazi ya El Anatsui yule Mghana, kwa mbali nikajua kitambaa cha dhahabu kimening'inia ukutani, nasogea karibu kumbe vizibo vya chupa za pombe!! vimebondwa bapa vimeungwa kwa waya wa shaba kimoja kimoja, vingine jina la kinywaji bado linasomeka. Nilisimama hadi miguu ikauma.

bibi_uzi: Na halazimishi itundikwe vipi, wanaotundika wanapanga mikunjo wenyewe, kwa hiyo ikihama ukuta inakuja na umbo jingine. Mimi fundi cherehani hapo ndo nilipoishiwa maneno, sisi mkunjo ukikaa vibaya mteja anarudisha nguo.

mgeni_wa_rangi: Haya ya vizibo nimeelewa. Mstari mmoja bado lakini.

Kipepeo: Huo hata mimi bado mkuu 😂