Mafundi mnaofunga bolti kavu na kuzikaza gari likiwa hewani: springi mbili zimekula siku zangu tatu!

Wakuu, naandika mikono ina malengelenge na mgongo haunyooki, kwa hiyo mnivumilie nikipandisha sauti.

Springi ya nyuma kushoto ilikatika mzunguko wa chini kabisa, pale inapokalia kikombe chake. Hilo silalamikii. Springi za koili ndivyo zinavyokufa: rangi inabanduka, tope na maji vinatuama pale chini, kutu inachimba polepole, halafu siku unapanda tuta unasikia mlio kama mtu kavunja fimbo. Nikanunua mbili, maana hizi hubadilishwa kwa jozi, la sivyo gari linainama upande mmoja. Kwenye gari langu springi ya nyuma imekaa peke yake juu ya mkono wa chini (kile chuma kinachounganisha gurudumu na gari) na shokapu iko pembeni, kwa hiyo hata vibanio vya springi havihitajiki. Unatoa bolti ya chini ya shokapu, unatoa bolti ya nje ya mkono, unaushusha mkono taratibu kwa jeki, springi inatoka. Maelekezo yote niliyosoma yanasema hivyo hivyo: "Ondoa bolti." Maneno mawili! Siku tatu nimelala chini ya gari kwa sababu ya maneno mawili.

Nati ya ile bolti ya nje ya mkono ilifunguka vizuri, na hapo ndipo nilipodanganyika. Nikaweka soketi kwenye kichwa cha bolti, nikavuta, ikaenda robo mzunguko. Nikashukuru Mungu. Nilipolegeza mkono ikarudi yenyewe ilikotoka. Nikavuta tena, ikaenda, ikarudi tena. Waliowahi kukutana na hiki kitu wanajua ninachosema. Ile bolti haijazunguka hata kidogo. Imeshikana na bomba la chuma lililo katikati ya bushi, yaani ile raba nene iliyopachikwa kwenye ncha ya mkono ambamo bolti inapita, na kinachozunguka ni raba tu: inajinyonga, kisha inakurudishia.

Watu wanadhani bolti iliyoganda imeganda kwenye nyuzi za nati. Kwenye nyuzi ningeshukuru. Huku ni kiwiliwili kizima cha bolti kimekamatwa ndani ya bomba lenye urefu wa sentimita 6 hivi, na kati ya bolti na bomba nafasi ni ndogo mno. Maji yakiingia humo hayatoki. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, kwa hiyo inavimba na kujishindilia hadi vyuma viwili vinakuwa kimoja. Halafu mtu anakwambia "pulizia mafuta uache usiku kucha". Nimepulizia jioni, nimepulizia usiku, nimeamka alfajiri kupulizia. Mafuta yanaingia milimita chache kila upande na kuishia hapo. Kwenye nati iliyo wazi yanasaidia sana, siyabezi. Kwenye bushi yanakupotezea usiku.

Nikarudisha nati mpaka iwe sawa na ncha ya bolti, ili nyuzi zisibondeke, nikapiga nyundo ya kilo 2. Raba inameza pigo lote. Unapiga kama unapiga godoro.

Moto? Nao niliufikiria. Lakini jamani, angalieni kilicho pale kabla hamjamshauri mtu awashe gesi: paipu ya breki, waya wa kihisi cha gurudumu, tangi la mafuta haliko mbali, na raba yenyewe ya bushi inashika moto na kutoa moshi mweusi unaokaba. Juu ya hapo umeshamwaga mafuta ya kupulizia yanayowaka. Na yule aliyenishauri niisafishe kwanza kwa dawa ya kusafishia breki halafu nichome, naomba aache kushauri watu. Zile zenye klorini zikikutana na joto kali zinaweza kutoa fosjini, gesi inayoharibu mapafu, na madhara yake yanaweza kuchelewa kuonekana ukadhani umesalimika. Tena bolti yenyewe ni ya daraja la 10.9, chuma kilichotiwa ugumu kwa joto. Ukiichoma hadi iwe nyekundu umeondoa ule ugumu, kwa hiyo hata ikitoka nzima hairudishwi kwenye gari. Hili la mwisho naona watu wengi wanalipuuza, wanaipiga brashi ya waya na kuifunga tena.

Siku ya pili niliazima spana ya upepo. Ilichofanya ni kuzungusha bolti pamoja na bomba lake hadi raba ikachanika yote, sasa kila kitu kinazunguka kwa pamoja na hakuna kinachotoka. Ikabaki kukata.

Kukata nako si kwa pupa, maana mkono ule umebeba springi iliyobanwa. Niliweka jeki chini ya mkono nikaipandisha hadi nikaona uzito umetoka kwenye bolti, nikapitisha mnyororo ndani ya koili na kuufunga kwenye mkono, gari lenyewe likiwa juu ya stendi mbili. Nikasukuma kisu cha msumeno wa umeme kwenye uwazi mwembamba kati ya bushi na sikio la chuma, upande wa kichwa, kisha upande wa nati. Chuma cha 10.9 hakicheki na kisu. Visu vinne vimekwisha meno kwa bolti moja. Cheche usoni, miwani imejaa ukungu, shingo imekakamaa, na upande wa kulia bado haujaguswa! Upande wa kulia ulikuwa hivyo hivyo, ila huko sikupoteza muda kubembeleza. Nilikwenda na msumeno moja kwa moja.

Linki za stabilaiza, vile vyuma vifupi vinavyoshika fito la kuzuia gari kulala kwenye kona, nazo sisemi mengi. Nati inazunguka na msumari wake, tundu la pembe sita pale kwenye ncha linaviringika ukiliingiza tu ufunguo, unamalizia kwa grenda. Ni dakika kumi kila moja. Hizo nimezisamehe.

Sasa nije kwa kilichonifanya nifungue huu uzi. Nilipotoa vile vipande nililipasua lile bomba la bushi kwa grenda, nione ndani. Kavu! Hakuna hata dalili ya grisi, ni unga wa kutu wa rangi ya kahawia kutoka mwanzo hadi mwisho. Na hizi si bushi za kiwandani. Bushi na shokapu zilibadilishwa miaka miwili iliyopita, na mimi ndiye niliyelipia. Miaka miwili! Bolti ya chini ya shokapu nayo nyuzi zake zimesagika kwa sababu ilisukumwa na spana ya upepo tangu uzi wa kwanza, bila kuanzishwa kwa vidole.

Bushi ya ndani ya mkono, ambayo sikuigusa kwa msumeno wala kwa spana, nayo nimeikuta imepasuka. Hiyo sababu yake naijua. Bolti za bushi hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa urefu wake wa kawaida, uzito ukiwa juu ya magurudumu, au mkono umeinuliwa kwa jeki hadi kimo hicho. Ukizikaza gari liko hewani na mikono inaning'inia, umelibana bomba la ndani katika pembe isiyo yake. Gari likishuka chini raba inajinyonga, na inabaki imenyongwa hivyo siku zote, hata likiwa limeegeshwa. Lazima ichanike. Fundi aliyefanya ile kazi, simtaji, alikaza kila kitu likiwa juu, akaliteremsha, akaniambia "tayari bosi". Nilikuwepo. Nilimwona, sikujua maana yake.

Na msiniambie grisi inaharibu kipimo cha kukazia. Najua ukiipaka kwenye nyuzi bolti inavutika kupita kiasi kwa kipimo kile kile cha spana. Nani kasema upake kwenye nyuzi? Ni utando mwembamba kwenye kiwiliwili tu, pale kinapopita ndani ya bomba. Nyuzi zibaki safi, chini ya kichwa pabaki safi, na kipimo kinabaki kile cha kitabu. Kazi ya nusu dakika. Nusu dakika hiyo fundi ameiokoa kwake, akaniachia mimi siku tatu, visu, bushi nne mpya na bolti mpya pande zote.

Maana bushi nazo hazitoki kwa kusukuma na kidole. Nimezitoa kwa presi, nimesafisha mashimo, nimepachika mpya nikizingatia alama ya mwelekeo. Nimepaka grisi viwiliwili vya bolti. Nimeanza kila nati kwa vidole. Nimepandisha mkono kwa jeki hadi kimo nilichopima kabla sijafungua chochote, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, ndipo nikakaza. Springi zimekaa, gari limesimama sawa kushoto na kulia. Kesho linakwenda kupimwa magurudumu.

Vipande vya ile bolti nimevifungia kwenye kitambaa, pamoja na bomba lililopasuliwa, kutu yake ikiwa ndani vile vile. Nikitoka kupima magurudumu napita kwa yule fundi kumwekea mezani.