Ukatili uko damuni mwa binadamu, au hulka hubadilika?

Mdadisi: Wakuu, kila tukijadili ukatili, lazima atokee mtu aseme "hata sokwe wa Gombe wanauana, ndiyo damu yetu." Ushahidi wenyewe unasemaje? Na kuna mahali mwenendo wa kikatili umebadilika kwa vipimo, si kwa masimulizi?

Mwana wa Nyika: Gombe tusiipuuze. Kundi la sokwe la Kasakela liligawanyika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kati ya 1974 na 1978 madume wake wakawamaliza wenzao waliojitenga, kundi la Kahama, mmoja baada ya mwingine. Zamani lawama zilitupiwa ndizi walizokuwa wakiwekewa na watafiti kambini. Ila utafiti wa 2014, uliokusanya rekodi za jamii 18 za sokwe mtu, ulihesabu mauaji 152, ya kushuhudiwa na ya kukisiwa, na haukuona kwamba chanzo ni kuingiliwa na binadamu.

Sasa tazama wanavyoua. Kwa kawaida washambuliaji huwa kama wanane kwa mmoja. Sokwe huvamia akijua yeye haumii. Hayo ni mahesabu, na mahesabu hubadilika hali ikibadilika. Bonobo, jamaa wa sokwe mtu wanaoishi kusini mwa Mto Kongo, wako karibu nasi kinasaba sawasawa na sokwe mtu, lakini katika jamii 4 zilizochunguzwa humo lilipatikana tukio 1 tu, nalo la kushukiwa.

Mdadisi: Na mifupa ya watu waliouawa Nataruk, Turkana, Kenya? Ina miaka 10,000 hivi, hakukuwa na dola wala bunduki.

Bi Mkasi: Ni kweli, watu 27, na fuvu la mmoja bado lina kipande cha jiwe kali la volkano. Kinathibitisha kwamba tunaweza kuua. Hakithibitishi kwamba hatuna budi.

Kwa swali lako la vipimo, anza na nyani wa Maasai Mara waliochunguzwa na mwanasayansi Mmarekani Robert Sapolsky. Miaka ya 1980 madume wakorofi wa kundi moja walikuwa wakienda kugombania mabaki kwenye jalala la hoteli ya watalii. Nyama ilikuwa na kifua kikuu, wakafa. Walibaki majike na madume wapole. Kufikia 1993 madume wale wapole nao hawakuwepo tena. Wote walikuwa wageni kutoka makundi mengine, na upole ukaendelea. Damu ilikuwa mpya, desturi ile ile. Majike waliwapokea wageni mapema na kuwachambua manyoya, na hapo ndipo mgeni alipojifunza.

Fundi Tabia: Kwa binadamu, soma jaribio la Monrovia, Liberia. Wanaume 999 wa mitaani, wezi na wauza dawa za kulevya, waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa wiki 8 za mafunzo ya kuzuia hasira na kupanga maisha, wengine dola 200, wengine vyote viwili, wengine hawakupewa kitu. Mafunzo yalikuwa ya vitendo: nyoa nywele, vaa safi, ingia benki uulizie akaunti, kisha rudi kundini ueleze ulivyopokelewa.

Pesa peke yake haikudumu. Mafunzo peke yake yalififia ndani ya mwaka. Waliopata vyote viwili walipunguza wizi na vurugu kwa takriban nusu, na miaka 10 baadaye tofauti ilikuwa bado ipo. Maelezo ya watafiti ni kwamba zile dola ziliwapa miezi michache ya biashara ndogo, wakaendelea kuvaa safi na kuishi kama watu wapya hadi mwenendo ukakomaa. Wanaoiga mradi huu wakikata pesa ili kubana bajeti wanaondoa kipande kilichoubeba.