"Elfu kumi inakusumbua, ada utatoa wapi?" Niambiwe mimi, mbele ya mwanangu!

Mama Dani wa Kiboriloni: Wakuu, nimetoka pale dirisha la udahili chuoni sasa hivi, mikono inatetemeka. Chuo mnakijua, na yule kijana wa dirisha la pili mnamjua, simtaji. Mwanangu kamaliza kidato cha sita, anaomba vyuo vinne. Akaunti nne, nywila nne, namba yake ya mtihani wa kidato cha nne nimeibandika mpaka ukutani jikoni, na kila chuo elfu kumi ya fomu na kontroli namba yake ya kulipia. Hiki cha tatu namba ikaisha muda sijapata hela. Nikaenda kuomba nyingine. Nyingine tu! Kijana anamenya karanga, maganda yanadondokea kwenye kibodi, hata kuniangalia haniangalii: "Mama, kama elfu kumi ya fomu inakusumbua, ada utatoa wapi?"

Mbele ya mwanangu. Mtoto akainama akawa anahesabu vigae.

Mdogo wangu aliomba 2013, enzi za mfumo wa pamoja wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Unajaza mara moja, unalipa mara moja, unapanga vyuo unavyotaka, unarudi migombani. Tangu 2017 kila chuo kinapokea maombi chenyewe, sisi tunazunguka madirisha miaka nenda rudi kama wauza mayai. Ada nitatoa wapi? Nauza ndizi tangu huyu mtoto yuko mgongoni! Na karanga mdomoni ananiuliza!

Mangi wa Machame: Pole sana mama. Mimi aliniambia nirudi jioni. Narudi saa tisa, kashafunga. Zile karanga ndiyo ajira yake, udahili anasaidia tu.

Kijana wa Ngarenaro: Mama, namba ikiisha muda si unaingia kwenye akaunti unaomba nyingine? Umepanda daladala kufuata matusi.

Mama Dani wa Kiboriloni: Ukurasa unazunguka tangu jana usiku! Na hata ningekosea, ndiyo aniulize ada nitatoa wapi?

Soweto Kwetu: Huo mfumo wa pamoja mnausifu kwa sababu mmesahau. 2014 nilikesha kwenye intaneti kafe mpaka mwenye nayo akanipa blanketi. Nikakosa chaguo zote, nikaanza upya.

Dada Mkubwa: Akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayokuja kwenye simu. Laini isizimwe! Ya mdogo wangu iliibwa stendi, tulilia nyumba nzima.

Baba Neema: Nyie mna nafuu. Wangu anaingia kidato cha tano, fomu ya kujiunga inadai rimu, jembe, kwanja, fagio la chelewa na ndoo mbili. Anaenda kusoma au anaenda kufyeka msitu?

Kijana wa Ngarenaro: Kwetu walidai reki. Reki, mzee! Nikapanda nayo basi, abiria wakanikimbia.

Baba Neema: Na mashuka jozi mbili. Wa Moshi, mnanunua wapi?

Mangi wa Machame: Soko la mitumba la Memorial, Jumamosi asubuhi kabla jua halijakolea. Ukichelewa unabakiziwa mapazia.

Mama Dani wa Kiboriloni: Jamani, na yule wa karanga?

Baba Neema: Mama, wako mashuka waliandika rangi gani? Hawa wanataka bluu bahari.