Ati mchezo wa viputo ni BAHATI? Huyu mtu ametukosea wote

Kete_ya_Pembeni:
Jamani, damu yachemka na nauandika uzi huu kabla haijapoa. Mnamjua. Sina haja ya kumtaja, kila aliyewahi kunywa kahawa kwenye baraza lile la Kibokoni, Mji wa Kale Mombasa, amjua, sauti yake huvuka Likoni bila feri.

Leo baada ya Alasiri, kijana ameshika mashini ya mkononi, Puzzle Bobble, ule mchezo wa kufyatua viputo vya rangi kwenda juu, vitatu vya rangi moja vikigusana vinapasuka; raundi imembana, dari imeshuka mpaka imebaki safu mbili afe. Akafyatua chekundu. Kiputo kikadunda ukuta wa kushoto, kikadunda wa kulia, kikapenya mwanya wa upana wa kiputo kimoja, kikagusa vyekundu viwili. Vikapasuka, na viputo 14 vilivyoning'inia chini yake vikaporomoka kwa mpigo. Baraza zima kimya. Na yule mtu, halua imejaa mdomoni, anasema: "Bahati."

BAHATI!

Kampuni ya Taito waliutoa mchezo huu 1994, wale vijoka wawili Bub na Bob wakiwa tayari na umri wa miaka 8 tangu mchezo wao wa kwanza, Bubble Bobble, na hajatokea mtu duniani wa kuutukana hivi. Viputo 14! Wajua hesabu yake? Kiputo ukikipasua kwa rangi wapata pointi 10. Kikianguka kwa kukosa cha kukishika, kimoja ni 20, viwili 40, vitatu 80, kila kinachoongezeka kinazidisha mara mbili. 14 ni pointi 163,840. Vile vitatu vyekundu vyenyewe ni 30 tu. Kwa hivyo mchezaji hapasui viputo, anakata mizizi. Atafuta kile kimoja kilichobeba ukoo mzima, na kijana alikitafuta mitupo minne nyuma, akiweka vya buluu pembeni kusudi ili njia ya ukutani ibaki wazi. Mitupo minne ya kupanga! Halafu mtu amemeza halua aseme bahati.

MwanaTudor:
Namuunga mkono mwenye uzi. Aliyecheza keram, ule mchezo wa kufyatua kete ubaoni, hawezi kusema bahati, maana ni pembe ileile: kiputo hutoka ukutani kwa pembe kilichoingilia. Jifanye ukuta ni kioo cha kujitazamia, lenga kivuli cha shabaha yako upande wa pili. Wengi hukosea hapa: wanahesabu kutoka ukingo wa ukuta wenyewe. Kiputo kina tumbo. Kinadunda ubavu wake ukigusa, wakati kitovu chake bado kiko nusu kiputo ndani. Basi kioo chako kiweke nusu kiputo mbele ya ukuta, upande wa uwanjani, la sivyo kila mtupo utakuponyoka kwa kiputo kizima.

Shombo_la_Marikiti:
Ndugu yangu, neno moja tu la herufi sita na umetuandikia hotuba ya Idi. Kunywa maji.

Kete_ya_Pembeni:
Maji yatashuka wapi na neno lenyewe limenikwama kooni? Viputo 14. Kuta mbili. Mdomo umejaa. "Bahati."

BintiKuze:
Kaka, nakupenda lakini tuseme kweli, bahati imo. Hukuchagua rangi ya kiputo kinachokuja. Tofauti ni kwamba bahati hiyo waweza kuipunguza mwenyewe, na hilo ndilo yule mtu hajui. Mashini hukupa rangi zile tu ambazo bado ziko uwanjani. Rangi zikiwa tano, unayoitaka utaisubiri. Zikibaki mbili, kila mtupo una kazi. Kwa hivyo usipasue tu kilicho karibu. Ikibaki kijani vitatu pekee uwanjani na una kijani mkononi, maliza kijani hata kama kiko juu pembeni, kwa sababu rangi hiyo haitakusumbua tena. Na dari nayo hushuka kwa kuhesabu mitupo, si dakika, na hesabu hiyo hufuata rangi zilizobaki. Uwanja ukianza kutetemeka, ujue iko karibu kushuka; hapo usiweke kiputo chochote chini, hata ikibidi ukibandike juu ovyo.

Na kinachofuata waonyeshwa pembeni mwa kombeo, kile kifyatulio cha chini. Asiyekitazama ndiye mchezaji wa bahati.

Fundi_Bondeni:
Mie siko upande wa mtu. Mchezo mtamu, lakini una mwisho wake. Ule wa asili una raundi 30 na mpangilio haubadiliki. Ukishazikariri, raundi fupi wazimaliza chini ya sekunde 5 kwa ile bonasi ya pointi 50,000, na baada ya hapo ni kufukuza saa. Mkicheza wawili ndipo bahati inatawala kweli: mwenzako akiporomosha vingi, vinakuja kwako, na rangi zake hukuzichagua. Nimeona mafundi wakifungwa na watoto namna hiyo.

Tena mashini ndogo ina adabu zake. Safu ni viputo 8, inayofuata 7, zimepishana kama makuti, kila kiputo kinagusa hadi sita. Kiputo kikitua hakikai kilipogonga, kinavutwa kwenye tundu la karibu. Ukigonga nusu ya kushoto ya mwenzake kinakaa kushoto, nusu ya kulia kinakaa kulia, na kwenye kioo cha mkononi nusu hiyo ni upana wa punje ya mchele. Msikishike kitufe cha msalaba mkakibana. Gusa, achia, gusa, achia, mshale usogee hatua moja moja.

Nyali_Upepo:
Mbaya zaidi ni ile ya Nintendo DS. Wavuta kombeo kwa kalamu kioo cha chini, shabaha iko kioo cha juu, katikati pana pengo la plastiki. Jicho hukatika pale, mtupo wa pembe kali watazamia ufike hapa, wafika kule. Vuta kalamu mbali na kombeo, usiivute kidogo. Karibu na kombeo, kalamu ikiteleza milimita moja pembe yote imebadilika.

MwanaTudor:
Na kivukoni saa saba mchana? Game Boy Advance ya kwanza ya 2001 haina taa. Jua la Likoni likikupiga usoni, rangi ya chungwa na nyekundu ni baba mmoja mama mmoja. Simama uipe jua mgongo, uinamishe kioo mpaka mwanga uingie kwa pembeni.

Kete_ya_Pembeni:
Tafadhali turudi kwenye hoja. Aliulizwa "bahati vipi?" akajibu "bahati tu." BAHATI TU! Na halua ileile.

Shombo_la_Marikiti:
Halua umeitaja mara nyingi kuliko viputo. Una njaa?

Mama_wa_Mashini_Tatu:
Nyie mwagombania neno. Lalamikeni kuhusu yule muuzaji wa mashini zilizotumika, mnamjua vilevile. Akuuzia katriji, kile kikasha cha mchezo cha kuchomeka, ya kunakili, hifadhi haishiki, wazima ukiwasha umerudi raundi ya kwanza. Kabla hujatoa pesa cheza raundi mbili, zima kabisa, subiri dakika, washa. Na ile mashini ya kukunja, ifungue polepole utazame bawaba ya kulia dhidi ya mwanga. Ufa mwembamba leo, kesho kioo cha juu chaning'inia kwa waya.

Fundi_Bondeni:
Dada, nusu ya hizo "mbovu" ni chumvi ya bahari tu. Hewa ya huku hutia ukungu kwenye meno ya katriji, vile vyuma vya kugusana na mashini. Watu wanapuliza kwa mdomo, mate yanaongeza kutu. Pamba ya masikio, spiriti kidogo, sugua meno mpaka pamba itoke nyeupe, acha ikauke dakika kumi ndipo uwashe. Spiriti iliyochanganywa maji mengi ngojea zaidi.

Nyali_Upepo:
Yangu kombeo limejivuta kushoto lenyewe, sijagusa kitu. Kioo kimekufa?

Fundi_Bondeni:
Hakijafa. Kuna kitu kimeingia kati ya kioo cha chini na fremu, kinakibonyeza muda wote, mashini yadhani ni kalamu. Kata kipande cha karatasi ngumu, kipitishe taratibu kando zote nne, hasa pembe ya kushoto. Mchanga hutoka mara moja. Ikiwa ni sukari iliyoganda, lowesha ukingo wa karatasi kwa maji ya vuguvugu, kidogo sana, betri ikiwa nje. Mliikaribisha kwa nani?

Nyali_Upepo:
Juzi ilishikwa na yule mtu wa halua.

BintiKuze:
Basi toa betri sasa hivi, samli imeingia pia. Maji kwanza kwa sukari, spiriti baadaye kwa mafuta.

Mama_wa_Mashini_Tatu:
Na mwaonaje bei ya halua ya nusu kilo siku hizi?