Tupeane uzoefu: Umewezaje kukwepa virusi vya tumbo ndani ya meli ya kitalii?

Mleta mada

Ndugu zangu, nimerejea hivi karibuni kutoka safari ya siku saba kwenye meli ya kitalii, na siku tatu kati ya hizo nilizimaliza nikiwa nimejifungia chumbani, nikihesabu matundu ya kiyoyozi. Nimefungua mada hii ili kila aliyewahi kusafiri hivyo aeleze yaliyompata au jinsi alivyoyakwepa, na ningependa tusimulie tuliyoyaona kwa macho yetu kuliko kunukuu vipeperushi.

Langu ni hili. Mchana wa siku ya pili nilipanga foleni ya chakula cha kujihudumia, na mlangoni alisimama mfanyakazi mwenye chupa ya kitakasa mikono, akimpulizia kila abiria. Nilinyoosha viganja, nikapuliziwa, nikaingia bila wasiwasi wowote. Nikashika upawa wa supu ambao mamia ya watu walikuwa wameushika kabla yangu, nikaketi, nikamega mkate kwa vidole vilevile. Usiku wa siku iliyofuata niliamka na kichefuchefu kikali, na mwanzoni nilijisemea kwamba bahari imechafuka. Kilichonishtua ni glasi ya maji iliyokuwa kando ya kitanda, kwa maana maji yake yalikuwa yametulia tuli. Bahari ilikuwa shwari. Lililochafuka ni tumbo langu.

Siwezi kuapa kwamba ni ule upawa, ila hesabu inakubali, kwa sababu virusi vya noro, ambavyo ndivyo husababisha milipuko mingi ya kutapika na kuharisha melini, huanza kuonyesha dalili kati ya saa 12 na 48 tangu vimwingie mtu. Daktari wa meli alinieleza jambo ambalo, kama ningelijua kabla ya kupanda, pengine nisingekuwa na kisa cha kusimulia: kitakasa mikono chenye alkoholi hakiviwezi ipasavyo virusi hivi. Virusi kama vile vya mafua na korona vimezungukwa na utando wa mafuta ambao alkoholi huuvunja, lakini vya noro havina utando huo, bali vina ganda gumu la protini. Sabuni nayo haiviui. Huvibandua kwenye ngozi, kisha maji yanayotiririka yakavichukua, na ndiyo sababu tunaambiwa tusugue kwa sekunde 20 au zaidi, hasa chini ya kucha na katikati ya vidole. Karibuni.

Mchangiaji wa 1

Pole sana, ndugu yangu. Mimi na mume wangu tumesafiri kwa meli mara nne, na tuna utaratibu ambao watu hutucheka. Wengi hunawa kabla ya kwenda kupakua, jambo ambalo ni jema, lakini mikono hiyo safi ndiyo inayokwenda kushika upawa, koleo la saladi, kitufe cha mashine ya kahawa na mgongo wa kiti. Sisi hupakua kwanza, tukaweka sahani mezani, mmoja akabaki kuzilinda huku mwenzake akienda kunawa kwa sabuni, kisha tukapokezana. Bomba tunalifunga kwa karatasi ya kukaushia mikono, na karatasi hiyohiyo ndiyo tunayofungulia mlango wa choo. Chakula hupoa kidogo, nakiri. Safari yetu ya mwisho kulikuwa na wagonjwa kwenye sitaha yetu, na sote wawili tulirudi salama, ingawa sidai kwamba ni utaratibu huo peke yake uliotuokoa.

Mchangiaji wa 2

Mimi ni muuguzi, na nilisafiri na dada yangu kama abiria wa kawaida. Jioni ya siku ya nne mzee mmoja alitapika kwenye korido, hatua kama tano mbele yetu. Dada yangu, kwa huruma, alitaka kukimbilia kumshika. Nilimvuta mkono, tukarudi nyuma, nikawaita wahudumu kwa simu ya ukutani. Alinikasirikia mpaka nilipomweleza kwamba anayetapika hurusha matone madogo sana hewani, ambayo yaweza kumezwa au kutua juu ya kila kilicho karibu, na kwamba chembe chache tu za virusi hivi, hata zisizofika mia moja, zinatosha kumlaza mtu mzima. Wahudumu walifika wakiwa wamevaa glavu, barakoa na aproni, wakalifunga eneo lote na kutuelekeza tupite ngazi nyingine. Yule mzee hakuachwa. Wawili kati yao walimkalisha, wakampa mfuko wa kutapikia na kumwita daktari, wakijua la kufanya kuliko dada yangu na huruma yake.

Hata hivyo, asubuhi ya siku ya sita dada yangu aliugua. Chumba chetu kilikuwa na choo kimoja, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Nilitenga taulo, nikaondoa miswaki kwenye sinki na kuifungia kabatini, nikamwomba afunge kifuniko cha choo kabla ya kuvuta maji. Kisha nikamwomba mhudumu wa chumba dawa ya klorini badala ya vitambaa vya kufutia vyenye alkoholi, kwa sababu kiwango kinachopendekezwa dhidi ya virusi hivi ni kati ya sehemu 1,000 na 5,000 za klorini katika kila sehemu milioni, nguvu ambayo sabuni ya sakafu haina. Nilivaa glavu, nikapaka dawa kwenye vitasa, swichi, kitufe cha choo na rimoti ya televisheni, nikaiacha ikae dakika kadhaa ndipo nikafuta. Rimoti husahaulika kila mara, na mgonjwa aliyelala siku nzima hashiki kitu kingine zaidi ya hiyo. Hata dada alipopata nafuu niliendelea vivyo hivyo hadi mwisho wa safari, kwa kuwa mtu aweza kuendelea kutoa virusi chooni kwa wiki mbili au zaidi baada ya kupona. Mimi sikuugua.

Mchangiaji wa 3

Nilifanya kazi ya uhudumu wa vyumba melini kwa miaka kadhaa, kwa hiyo naomba nieleze upande ambao abiria hawauoni.

Meli zinazotia nanga katika bandari za Marekani kutoka nchi nyingine hukaguliwa chini ya mpango wa usafi wa meli wa CDC, yaani kituo cha Marekani cha kudhibiti na kuzuia magonjwa, na wakaguzi hupanda bila taarifa. Alama ya juu ni 100, na meli ikipata 85 au chini yake imefeli. Matokeo ya ukaguzi hutangazwa, kwa hiyo abiria anaweza kuyasoma kabla ya kununua tiketi, ingawa katika miaka yangu yote sikuwahi kukutana na abiria aliyekuwa ameyasoma. Vilevile, daktari wa meli hutunza hesabu ya kila anayetapika au kuharisha, na wagonjwa wakifikia asilimia 3 ya abiria au ya wafanyakazi, mlipuko huo hutangazwa kwa umma. Sasa elewa hofu iliyopo melini namba zinapoanza kupanda. Upawa huondolewa mikononi mwa abiria na wafanyakazi ndio wanaopakua. Chumvi na pilipili huondolewa mezani. Reli za ngazi na vitufe vya lifti hufutwa usiku na mchana mpaka mikono yetu ikachubuka kwa dawa.

Pamoja na hayo yote, kilichotushinda ni watu kuficha. Abiria anaogopa kwamba akimwambia daktari atafungiwa chumbani, basi ananyamaza, anakunywa dawa ya kuzuia kuharisha na kwenda kuogelea. Sisi wahudumu tulikuwa tukijua kabla ya daktari. Nakumbuka chumba kimoja nilichoingia asubuhi nikakuta kitanda kimetandikwa vizuri na wenyewe, jambo ambalo abiria wa likizo halifanyi, kisha nikayaona mashuka yameviringishwa na kusukumwa nyuma ya mlango wa bafu, yakiwa yamelowa. Mtu alikuwa ameyasuuza kwenye sinki kwa mikono yake. Mume na mke walikuwa ghorofa ya juu wakipata kifungua kinywa. Nilitoa taarifa kwa msimamizi wangu, na mashuka yakaenda kufuliwa kwenye mfuko wake maalumu, lakini sinki lile, bomba lile na zulia lile walikuwa wameshavikanyaga na kuvishika usiku kucha.

Ombi langu kwenu ni dogo: ukitapika chumbani, usisafishe mwenyewe kwa aibu. Tuite.

Mchangiaji wa 4

Naona mada inawatisha watu bure. Nimepanda meli mara nane na sijawahi kuharisha hata siku moja, na sina utaratibu wowote wa kulinda sahani. CDC yenyewe inasema kwamba milipuko ya melini ni kama asilimia 1 tu ya milipuko yote ya virusi vya noro inayoripotiwa Marekani. Mingi hutokea kwenye makazi ya wazee, mashuleni na kwenye migahawa. Hata jina lenyewe limetokana na mji wa Norwalk, jimbo la Ohio, ambako watoto wa shule ya msingi waliugua mwaka 1968, na hapakuwa na meli wala bahari. Meli zinasikika zaidi kwa sababu zinalazimika kuhesabu na kutangaza, ilhali mgahawa haumpigii mtu simu kumuuliza kama aliharisha.

Mchangiaji wa 2

Hesabu yako, kaka, ni ya kweli, na hiyo hoja ya kutangaza naikubali kabisa. Lakini kwa aliyeko ndani ya meli yenye mlipuko, hiyo asilimia haimfuti machozi, maana anakula, analala na kushika reli zilezile pamoja na maelfu ya watu kwa siku nyingi mfululizo. Kuhusu tumbo lako la chuma, wapo watu ambao kwa maumbile ya kurithi baadhi ya aina za virusi hivi haziwashiki. Huenda wewe ni mmoja wao. Mkeo na wanao si lazima wawe hivyo.

Mchangiaji wa 5

Nimesoma alichoandika ndugu aliyekuwa mhudumu, na nimeona nisipoandika sasa sitaandika tena. Mimi ndiye niliyeficha.

Asubuhi ya kupanda meli mwanangu wa miaka mitano alitapika mara mbili. Tulikuwa tumelipa kila kitu miezi mingi kabla, mizigo ilikuwa mlangoni, na mama mkwe wangu, aliyekuwa na umri wa miaka 74, alikuwa ameivaa kofia yake ya safari tangu alfajiri. Bandarini tulipewa fomu yenye swali moja lililo wazi: je, kuna yeyote kati yenu aliyetapika au kuharisha katika siku za karibuni? Niliweka alama kwenye "hapana". Nilijiambia kwamba mtoto amekula kitu kibaya tu, na kweli kufika jioni alikuwa akirukaruka.

Siku ya tatu mama mkwe aliugua. Kijana hutapika siku moja hadi tatu akainuka, lakini mwili wa mzee hukaukiwa na maji upesi. Midomo yake ilipasuka, akawa anasinzia katikati ya maneno, na alipojaribu kusimama kwenda chooni aliishiwa nguvu akashikilia pazia. Alilazwa zahanati ya meli akiwa na dripu usiku mzima. Muuguzi aliniuliza kwa upole kama kuna mtu mwingine katika familia aliyeugua kabla yake, na mke wangu akanitazama, akasubiri nijibu mimi. Nilisema ukweli, nikiwa nimechelewa siku tatu. Mama alipona, naye hajawahi kunilaumu, ila kofia ile hajaivaa tena.

Ningepiga simu asubuhi ile na kuuliza, huenda wangetusogezea safari, huenda wasingefanya hivyo. Sikuuliza.

Mchangiaji wa 1

Pole, ndugu. Umeandika jambo ambalo wengi wangelimeza. Naomba dada muuguzi atusaidie: je, inafaa kubeba antibiotiki kwa ajili ya safari kama hizi, na mgonjwa akiwa chumbani apewe nini?

Mchangiaji wa 2

Antibiotiki hazifanyi kazi dhidi ya virusi, na hadi sasa hakuna chanjo iliyoidhinishwa wala dawa mahususi ya virusi vya noro. Dawa za kuzuia kuharisha zisipewe watoto wadogo, wala mtu mwenye homa au anayeharisha damu. Kinachookoa ni maji na chumvi. Mimi hubeba pakiti za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku, kwa sababu sanduku huweza kuchelewa kufika chumbani. Pakiti zikikosekana, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya usawa, na usizidishe chumvi. Anayetapika asinywe glasi nzima kwa mkupuo. Mpe kijiko kimoja kimoja kila dakika chache. Mzee, mtoto mchanga au mjamzito aonwe na daktari mapema, bila kusubiri midomo ipasuke.

Mleta mada

Nashukuru kwa michango yote. Niongeze kwamba nilikaa chumbani saa 48 baada ya dalili kukoma, kama daktari alivyonishauri, na zile za mwisho ndizo ngumu, kwa sababu unajisikia mzima na muziki unausikia juu ya kichwa chako. Nilidhani pia kwamba kwa kuwa nimeshaugua nimepata kinga, lakini aina za virusi hivi ni nyingi na kinga yake haidumu. Nina swali moja limebaki: mikono nanawa, lakini simu nayo inalala mezani kando ya sahani. Ninyi mnafanyaje?

Mchangiaji wa 3

Sisi wahudumu tulikuwa tukiitia kwenye mfuko mwembamba wa plastiki unaofungika, skrini inaguswa vizuri tu ikiwa ndani yake. Ukienda kunawa mikono, nawa na mfuko. Jioni unautupa. Lakini zaidi ya hapo, iache chumbani wakati wa kula.